Mwanamke Aliyemgombeza Mungu

Kanisa letu la Beni, mashariki mwa Kongo, lilipomfanyia Séphora ibada ya shukrani, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kushukuru. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, kwenye benchi la sauti ya pili ya kwaya, na nilisikia pumzi yake ikibadilika kabla hajasimama.

Baadaye watu walisema amepagawa. Wengine walisema ugonjwa ulimwachia uharibifu kichwani. Mimi naitwa Florentine, namjua Séphora tangu tukiwa wasichana, na nasema hakuwa na pepo wala wazimu. Alikuwa na kasirani, na kasirani ile ilikuwa na sababu.

Sisi wawili ni mabinti wa Butembo. Tulikulia kwenye kilima kimoja, kule ambako ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka watoto wameshaingia darasani. Tukaolewa Beni, tukalalamikia joto la Beni pamoja. Mume wake, Sikuli, alikuwa mnunuzi wa kakao. Alizunguka na moto yake, pikipiki ya zamani, kwenye mashamba ya upande wa Mavivi, hata nyakati ambazo wanaume wengi waliogopa kwenda kwa sababu ya waasi wa msituni waliochinja watu kwa panga, akarudi na magunia. Séphora alianika mbegu juu ya bâche, turubai la plastiki, mbele ya nyumba. Ukipita kwao ulikutana na harufu ya kakao inayochacha, kali kama siki. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa. Kiongozi wa kwaya alimtoa nje ya mazoezi mara nyingi kwa sababu alicheka katikati ya wimbo na kutuchekesha sisi wote.

Walikaa muda mrefu bila mtoto. Familia ya Sikuli ilikwisha anza kunong'ona. Kisha akaja Bénite, na kunong'ona kukaisha. Alikuwa mtoto wa kutawala. Aliwapanga kuku kwenye kivuli, akawafundisha nyimbo za kanisa, na kuku aliyeondoka kabla ya ubeti wa mwisho alifukuzwa mpaka nyuma ya choo. Séphora alimtazama mtoto yule kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi.

Ebola ilipotangazwa Beni, wengi tuliicheka. Tulikuwa tumezika watu waliochinjwa miaka na miaka, na hatukuona dunia ikisimama kwa ajili yetu. Sasa magari meupe ya wahudumu wa afya yalijaa kila barabara, wageni walitupima homa kila mahali, na hoteli hazikuwa na chumba. Tulisema ni biashara. Sikuli naye alisema hivyo, kwa sauti kuliko wengine.

Halafu Sikuli akashikwa na homa. Alienda kwenye kadispensari kamoja ka mtaani, wakamtundikia serum, dripu ya malaria, akarudi akiwa mbaya zaidi. Alipoanza kutapika, Séphora alimwosha, akamgeuza, akafua mashuka yake kwa mikono yake. Bénite alimpepea baba yake kwa kifuniko cha sufuria. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyofanyiana. Na ndivyo ugonjwa ulivyowaingia, mama na mtoto, kupitia kule kuosha na kule kupepea. Sikuli alikufa. Watu waliofunikwa kuanzia kichwa mpaka mguu walimzika, na mke wake hakuwepo kaburini, maana alikuwa tayari amechukuliwa pamoja na mtoto kupelekwa kwenye kituo cha matibabu, ambacho sisi wote tuliita CTE.

Kule waliwekwa vyumba tofauti, vya plastiki inayoonyesha ndani. Séphora alikuwa hoi, hakuweza hata kuinua shingo. Wauguzi waliingia kwa zamu, wamevaa lile vazi la kufunika mwili wote, miwani mikubwa machoni, na hawakuweza kukaa ndani muda mrefu kwa sababu ya joto. Bénite aliwaogopa. Kwake walikuwa watu wasio na nyuso. Kila mmoja alipomkaribia alipiga kelele, na akienda zake mtoto alibaki peke yake akimwita mama yake aje, "Mama, kuya! Mama, kuya!" Séphora alisikia yote. Sauti ilipita kwenye plastiki bila shida, mwili wake ndio haukuweza kupita. Alijaribu kujitupa chini kutoka kitandani ili atambae, akashindwa hata kugeuka upande. Mtoto aliita mpaka sauti ikawa nyembamba, ikawa ya kukwaruza, kisha ikanyamaza.

Séphora akapona. Mtu akipona kule walimpa cheti, wakampigia makofi mlangoni, wakamwita mshindi. Yeye alitoka katikati ya makofi yale bila kumtazama mtu. Nyumbani walikuwa wamechoma godoro, mashuka, nguo, mpaka gauni la Bénite la Noeli. Hakubaki na kitu hata kimoja chenye harufu ya mtoto wake.

Ni baada ya hayo ndipo kanisa lilipomfanyia ibada ya shukrani.

Pasteur Élisée si mtu mbaya. Alikuwa amezika wengi mwaka ule, na nadhani alihitaji kuona mtu mmoja aliyefufuka ili naye apate nguvu ya kusimama. Alimwita Séphora mbele, wakamkabidhi kitenge kipya na sabuni, kisha akanyoosha kravati, tai yake ya Jumapili, akanyanyua mkono.

"Bandugu, Mungu hakosee," akasema. "Alimuchukua Sikuli, alimuchukua na mutoto, lakini alituachia mama huyu kusudi akuwe ushuhuda. Alimupenda Bénite sana, njo maana alimwita karibu naye. Tuseme wote amina!"

Kanisa likanguruma amina.

"Hapana," Séphora akasema.

Hakupiga kelele. Pasteur alidhani hakusikia vizuri, akainama kidogo.

"Miye nakatala ile amina," Séphora akasema tena. "Pasteur, weye ulimusikia Bénite namna alikuwa analia? Hukumusikia. Miye nilimusikia. Aliniita mupaka sauti ikaisha. Mutu akimupenda mutoto yangu, anamuletea biskuti. Hamuue!"

Mama mmoja mshauri wa kanisa akasimama. "Mama Séphora, usitukane Mungu!"

"Nani anamutukana? Ni miye, ao ni ule anayesema Mungu aliua mutoto mudogo juu ya mapendo? Kama Mungu eko vile, mukae naye ninyi. Miye simutake. Na ile ushuhuda, mutafute mutu mwingine wa kuileta. Bénite hakukufa kusudi miye nipate hadisi ya kusema mu kanisa!"

Aliweka kitenge na sabuni juu ya benchi, karibu na goti langu, akatoka kwa mlango wa kati, kichwa juu. Hakuna aliyemfuata mpaka niliponyanyuka mimi.

Nje ya kanisa mambo hayakuwa bora. Wanamoto, wale wenye pikipiki za abiria, waliomjua hawakumpakia. Mwenye nyumba alikuja na maneno matamu, akasema wapangaji wengine wanaogopa, akamwomba atafute pengine. Kakao aliyoianika hakuna aliyeinunua. Basi akafunga kile kidogo kilichobaki, akapanda lori la mbao, akarudi Butembo kwa mama yake.

Mama yake, Jokébed, ni mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache. Amezika mume na vijana wawili, wote vita iliwachukua kwa namna mbalimbali. Kila alfajiri anapiga magoti karibu na kitanda na kumwita Nyamuhanga, jina la Mungu kwa lugha yetu ya Kinande, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Séphora aliivumilia sauti ile siku chache tu.

"Mama, huyu unayemupigia magoti, alikutendea nini ya muzuri?"

Jokébed hakuinuka. "Alinitendea mazuri. Na aliacha nitendewe mabaya. Yote namwambiaka."

"Alimwacha Bénite anaita peke yake!"

"Juu ya nini unaniambia miye?" Jokébed akamgeukia. "Miye ni Mungu? Kama uko na kasirani naye, umwendee yeye mwenyewe."

"Nimwendee fasi gani?"

"Weye unajua. Ulimwimbia miaka yote. Sasa umugombeze. Masikio yake ni ile ile."

Séphora alitoka akiwa na hasira na mama yake pia. Lakini kulikuwa na shamba la maharagi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, na pale, na jembe mkononi, alianza. Nilipopanda kutoka Beni kumtembelea nilimsikia kabla sijamwona. Sauti yake ilishuka kilima kizima. Wanawake waliokuwa wanateka maji chini walikuwa wamesimama na mabidoni yao, wakitazama juu.

"Unanisikia?" alikuwa anasema, na jembe linapiga udongo. "Njo weye uliumba mikono ya mama. Halafu ugonjwa inapita mu ile mikono! Mwenye kukimbia mugonjwa anapona. Mwenye kumuosha anakufa. Hii ni akili gani? Ulikaa chini ukafikiri, ukaona ni vizuri? Unijibu! Usinitumie mutu wa kravati. Unijibu weye!"

Nilisimama ukingoni mwa shamba, nikaogopa. Si kwamba radi itatupiga, ila niliogopa kwamba hatanyamaza kamwe. Aliponiona alipangusa jasho kwa kiganja.

"Unaogopa," akasema.

"Ndiyo. Uliacha kuamini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Kama niliacha kuamini, napigia nani makelele? Mutu hagombane na nyumba yenye haina mutu."

Nilirudi Beni na neno lile. Tangu siku hiyo sikumwombea tena apoe hasira. Niliomba tu asikilizwe.

Ugonjwa haukukaa Beni. Ulipanda barabara ile ile ya malori ukafika Butembo, na huko ulikuta watu wenye hasira kuliko sisi. Magari ya wahudumu yalipigwa mawe. Watu walisema Ebola imeletwa ili tumalizike, baada ya panga kushindwa kutumaliza. Katikati ya vurugu hizo mwanamke mmoja mrefu alipanda kilima cha Jokébed kwa mguu, maana hakuna mwanamoto aliyekubali kumbeba. Alimkuta Séphora shambani.

"Mama Séphora, nakusalimia."

Séphora hakuwahi kuuona uso ule. Lakini sauti aliijua mara moja, ile lafudhi ya Kasai yenye kuvuta mwisho wa neno. Alikuwa Ngalula, muuguzi wa serikali aliyetumwa kwetu kutoka mbali, mmoja wa wale waliomhudumia Beni ndani ya vazi lao.

"Umekuya kunipa pole?"

"Hapana. Nimekuya kukuomba msaada." Ngalula hakukaribishwa kuketi, akabaki amesimama kati ya mistari ya maharagi. Akaeleza kwamba mtu aliyekwisha ugua na kupona, mwili wake umejua kujilinda. Anaweza kuingia kwa wagonjwa bila kufunika uso. Sasa madaktari wanawaomba washindi waje kuwabeba watoto ambao mama zao wamelala hoi.

Séphora alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole, "Na wangu? Nani alimubeba wangu?"

Mtu mwingine angeleta maneno. Ngalula alisema, "Hakuna. Tulikuwa na bagonjwa wengi kupita mikono yetu. Nilimushika mara mbili tatu, lakini aliogopa ile miwani. Nikamwacha, juu wengine pia balikuwa banakufa. Ni vile. Siwezi kukudanganya."

Séphora alitupa jembe. Halikumgonga mtu, lilianguka kwenye mfereji. "Toka mu shamba yangu! Toka!"

Ngalula akatoka. Alipofika kwenye njia aligeuka mara moja. "Kuko mutoto moya, banamwita Shalom. Mama yake eko ng'ambo ya plastiki, hawezi kusimama. Analia tangu jana." Akashuka zake.

Usije ukadhani Séphora alienda kwa sababu ya huruma, au kwamba moyo wake ulilainika pale shambani. Nilimuuliza mwenyewe. "Nilienda na kasirani," aliniambia. "Nilitaka Mungu aangalie. Ile kazi alikatala kumufanyia Bénite, nilitaka aone namna inafanywaka." Alishuka kilima na udongo wa shamba kwenye nyayo, na pale njiani jirani mmoja alimtemea mate miguuni, akimwita mlaji wa pesa za Ebola.

Kwenye CTE ya Butembo walimpa blouse ya wauguzi, gants za mikono na buti za mpira. Uso wakauacha wazi. Ngalula akamfungulia.

Shalom alikuwa kwenye umri ule wa kusimama akishikilia kitu. Hakuwa tena na sauti ya kulia, mdomo ulifunguka na kufungika tu. Séphora alipomwinua, mtoto alikaza mwili, akingoja kuogopa. Kisha akaona uso. Akatazama macho, akatazama pua, akaingiza vidole kwenye mdomo wa Séphora, akaanza kugusa meno, moja moja, kwa makini. Mwili wake ukalegea.

Mtoto anabembelezwa kwa wimbo, kila mtu anajua. Lakini wimbo haukutoka. Tangu Beni haukutoka. Kitu pekee kilichokuwa kwenye kinywa cha Séphora ni maneno aliyoyazoea shambani, basi akayasema hayo hayo, kwa sauti ya chini, akimtikisa mtoto taratibu. "Unaona huyu? Angalia muzuri. Angalia mbavu zake. Ni weye uliziumba, nani mwingine? Na sasa unangoja nini?" Shalom akalala katikati ya ugomvi ule, kichwa shingoni mwake.

"Mama," sauti dhaifu ikaita kutoka ng'ambo. "Ameacha kulia. Amekufa?"

"Hapana. Amelala."

Alikuwa Falonne, mama yake, mwanamke wa Kasugho aliyekuja mjini kuuza mafuta ya mawese. "Umushike muzuri," akasema. "Usimuweke chini."

"Simuweke chini."

Na hakumweka. Alilala naye kifuani. Alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akampanguza, akambadilisha, akamnywesha tena. Mtoto alipotapika juu yake hakurudi nyuma. Ilipita siku moja ambayo Shalom alikunywa uji na kucheka, na Falonne akasikia kicheko akaomba ainuliwe ili amwone. Wote pale walianza kutumaini. Séphora naye alitumaini, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi baadaye, kwamba alidanganywa akatumaini.

Homa ikarudi. Asubuhi moja, vidole vya mtoto vikiwa kwenye mdomo wake vikitafuta meno, vilisimama.

Walipokuja kumchukua mtoto, Séphora alikataa kumwachilia. Ngalula aliingia, ndani ya vazi lake la joto, akaketi sakafuni karibu naye. Walikaa hivyo mpaka Ngalula akaanza kuyumba kwa joto, na ndipo Séphora akamtoa mtoto mikononi mwake, kwa sababu hakutaka mwingine afe.

Kisha akatoka nje, akavua blouse, akaoshwa kwa maji ya klori, akaenda mpaka kwenye uzio ambako familia za wagonjwa zilikuwa zimekaa kungoja habari. Pale pale mbele za watu, mbele za walinzi, akatazama juu akapiga kelele.

"Tena? Tena mbele ya macho yangu? Nilifanya kazi yako! Nilimushika, nilimukunywesha, sikulala! Ilibakia weye ufanye kitu moya tu! Kitu moya!"

Hakuna aliyemkemea. Mzee mmoja aliyekuwa amepoteza mke wiki ile akavua kofia. Mwanamke mwingine akasimama, akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakafuata, na kwa muda uzio wote ulikuwa sauti moja ya watu wanaomdai Mungu maelezo. Nimeimba kwaya nusu ya maisha yangu na sijui kama Mungu amewahi kusikia wimbo wa kweli kuliko ule.

Falonne akapona. Siku alipoweza kusimama alijikokota mpaka kwenye plastiki, akamwita Séphora.

"Alikufa peke yake?"

"Hapana. Alikufa mu mikono yangu."

"Aliona uso ya mutu?"

"Aliona. Alikuwa anashika meno yangu."

Falonne akateremka chini taratibu, akakaa, akalia. Na katika kulia kwake alikuwa anarudia neno moja, "Hakukuwa peke yake. Hakukuwa peke yake." Alilishika neno lile kama mtu anayeshika ukingo wa shimo.

"Weye unajua nilisikia nini mu roho?" Séphora aliniuliza baadaye. "Nilisikia wivu. Nilimuonea wivu mama mwenye amefiwa mutoto! Juu yeye alipata mutu wa kumwambia ile neno, na miye sina."

Aliendelea na kazi ile mpaka ugonjwa ulipokwisha. Aliwabeba wengi. Wengine walikufa, wengi walipona, na waliopona bado wanamkimbilia barabarani. Kila jioni alipopanda kilima alimgombeza Mungu, na swali lilikuwa limebadilika kidogo. Halikuwa tena kwa nini tu. Alikuwa anauliza, "Mule mu chumba ya Bénite, nani alikuwa? Nani?"

Pasteur Élisée alifika Butembo wakati huo. Alikuwa amemzika mdogo wake. Alikuja bila kravati na bila msaidizi, akakaa kwenye kigoda jikoni kwa Jokébed, na mimi nilikuwepo, nachagua maharagi.

"Nilikuambia maneno mubaya ile siku," akasema.

"Ndiyo," Séphora akajibu. Hakusema si kitu.

"Banakuya kuniambia ile maneno sasa, juu ya ndugu yangu. Kwamba Mungu alimupenda sana. Nataka kuwapiga."

"Unaona."

Pasteur alitazama moto. "Sasa weye unaomba namna gani? Unamwambia nini Mungu?"

Séphora aligeuza bugali, ugali wa jioni, kwenye sufuria. Kisha akaongea bila kumtazama. "Sijue juu ya nini anaacha batu bateseke. Kama kuko mutu anasema anajua, anadanganya. Lakini nilikuwa mule ndani, pasteur. Batu bote bale bananipenda, hakuna hata moya aliweza kuingia na uso wazi. Mwenye kuingia vile ni ule ugonjwa ilikwisha kumukamata na ikashindwa kumumaliza. Njo nikafikiri Yesu. Mungu mwenye hajaumwa, mwenye anatuangalia mu miwani, miye simutake, nilikwisha kusema. Lakini huyu alichomwa misumari. Huyu alilia vile Bénite alilia, aliita Baba yake juu ya nini amemwacha, na hakuna mutu alijibu. Alikufa, akatoka ng'ambo. Kama kuko mutu aliweza kuingia kwa mutoto yangu na uso wazi, ni yeye tu."

"Unaamini aliingia?"

"Siku zingine." Akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria, kwa nguvu. "Siku zingine naona kasirani mupaka natetemeka. Na hii si jibu, pasteur. Usiende kuihubiri kama jibu! Siku nitamuona nitamuuliza yote, na hapana aniletee mahubiri. Aniletee Bénite."

Pasteur Élisée alikula nasi. Alipoondoka aliomba, na sala yake ilikuwa fupi, na haikuwa na neno hata moja la kumtetea Mungu. Séphora aliitikia, kwa sauti ya chini, nikamsikia.

Sasa miaka imepita, nami nimerudi kuishi Butembo. Ebola ilikwisha, ikarudi kidogo, ikakwisha tena. Panga hazijakwisha. Kila mara barabara ya Beni inatuletea watu wenye vitanda juu ya kichwa, na kwenye matanga yao anatokea kijana mwenye sauti nzuri wa kueleza kusudi la Mungu. Séphora anamwacha aanze. Kisha anasimama, anamwambia aache, achukue bidoni, akawatekee maji wenye msiba. Wengine wanamchukia kwa hilo. Hajali.

Anauza mafuta ya mawese pamoja na Falonne kwenye meza moja sokoni. Falonne hajarudi kanisani, na Séphora hajamhimiza. Jumamosi iliyopita nilikuwa pale wakifunga mabidoni yao jioni, na Falonne alimuuliza, nusu kwa dhihaka, "Kesho tena unaenda kwa ule mwenye alikufanyia vile?"

"Naenda."

"Kufanya nini?"

"Kugombana naye. Eko kwake. Unataka nimugombezee mu soko?"

Falonne akacheka, akafunga kifuniko. Séphora hakucheka. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Lubero, wakaingiza mafuta ndani haraka, wakabishana kuhusu nani aliyeacha nje faneli ya kumiminia mafuta.